Motakaa Iliyokwisha Tumika: Jinsi ya Kuipima Kabla ya Kutoa Fedha

Wasikilizaji wetu wa vijijini, na ninyi vijana wa shule mtakaoyasoma maneno haya katika kitabu, leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya kununua motakaa ambayo wengine wamekwisha kuitumia. Aliyetutia katika habari hii ni mjomba wetu mmoja wa Bugwema, katika wilaya ya Musoma. Siku moja alitujia chuoni akiwa na shilingi 12,000,000: fedha za pamba, fedha za ng'ombe wanne, na akiba ya mwanawe afanyaye kazi mjini Musoma. Tulipomwamkia na kumpa kiti alisema, "Mpwa wangu, wewe ni mwalimu, umesoma. Nimeona gari huko Mwanza, na mwenyewe ataka fedha zote kesho kutwa. Twende ukanitazamie."

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Mark X, rangi ya fedha, la mwaka 2006. Katika miji yetu watu hulipenda sana gari la namna hii, maana ni motakaa ya saluni yenye starehe: viti vipana, injini ya silinda sita, mwendo mtulivu, na mtu akishuka ndani yake mbele ya arusi watu hugeuka kumtazama. Lakini mtazamo wa watu haulipi fundi. Mwulizeni mwenye gari lililosimama juu ya mawe uani mwaka wa pili sasa.

Yafaa kwanza tujue magari haya yatoka wapi. Kampuni ya Toyota ilianza kutengeneza Mark II mwaka 1968. Mwaka 2004 Mark X ikachukua mahali pake, ikaendelea kutengenezwa mpaka mwisho wa mwaka 2019. Karibu Mark X zote tuzionazo zilikwisha kutumika Japani kabla ya kupakiwa melini. Huko kila motakaa ya mtu hupelekwa mbele ya wakaguzi: mpya baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, uitwao shaken, una gharama kubwa. Mjapani akiona gari lake limekaribia ukaguzi, aghalabu huona heri aliuze. Basi gari likija kwetu likiwa na umri wa miaka 8 au 10, si kwamba limeshindwa kazi; mara nyingi limekimbia gharama. Tena Wajapani hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kuume, kwa hiyo hapana haja ya kubadili kitu. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Hapa Tanzania laruhusiwa, ila hutozwa ushuru zaidi kwa uzee wake. Ndiyo sababu barabarani kwetu magari ya miaka 15 na 20 ni mengi, na mnunuzi wa leo aweza kuwa mtu wa nne au wa tano kulishika.

Sasa tuje kwenye kupima. Watu wengi huanza kwa kufungua boneti. Sisi twaanza na karatasi, na sababu yake ni hasara iliyotupata wenyewe. Miaka kadha iliyopita tulinunua Mark II kwa mtu mmoja aliyesema kuwa gari ni la kaka yake, naye ametumwa kuliuza. Kadi tuliiona, jina la kaka tuliliona, bei ikatupendeza, tukatoa fedha. Baada ya miezi mitatu akaja mjane na watoto wawili wakubwa, wana hati ya mahakama: yule kaka alikwisha kufa kabla ya siku ile tuliyouziana, na msimamizi wa mirathi alikuwa mtu mwingine kabisa. Hatukuwa na neno la kujibu. Gari tukalirudisha, fedha hatukuziona tena, na muuzaji hakuonekana. Injini yake ilikuwa nzima kama ya mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo twawaambia: kadi ya gari iwe kadi yenyewe, si kivuli chake, na jina lililoandikwa humo liwe la mtu aliyesimama mbele yenu akiwa na kitambulisho chake. Akisema mwenyewe yuko safarini, na aje au ampigie simu mbele ya wakili. Akisema amekufa, yatakiwa barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Akisema kadi imepotea, hapo msiguse fedha zenu mpaka mmekwenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato, maana kadi nyingine huwa haikupotea, imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Tena ulizeni kwa namba ya gari kama lina deni la faini za polisi wa barabarani. Faini huandikwa juu ya gari, na atakayesimamishwa njiani ni yule alishikaye leo, si yule aliyekimbia taa jana.

Iko namba moja iliyo bora kuliko namba ya pua na mkia, nayo ni ile iliyogongwa katika chuma cha mwili wa gari, twaiita namba ya chesisi. Katika Mark X tuisemayo hutazamwa ndani ya boneti, kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na viti. Huanza kwa herufi na tarakimu za namna ya gari: GRX120 ni ile yenye injini ya lita 2.5, GRX121 ni ya lita 3.0. Namba hiyo ilinganishwe na kadi, tarakimu kwa tarakimu, pasipo kuruka hata moja. Pakiwa na alama ya tupa, au chuma kimechomelewa kuizunguka, au rangi ya hapo ni mpya kuliko ya jirani yake, rudini nyumbani. Na yule asemaye kuwa gari lake ni lita 3.0 huku chuma chasema GRX120, ama hajui alichonacho ama anajua sana.

Namba za gari nazo zina habari. Kwetu huanza kwa T, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na herufi hizo huendelea kwa taratibu ya alfabeti. Gari la herufi za C liliandikishwa nchini kabla ya la D, na la D kabla ya la E. Basi mwenye gari la C akikuambia, "Lina mwaka mmoja tu tangu kutoka bandarini," umekwisha kujua wa kuamini na wa kutokumwamini. Kadhalika saa ya kilomita hurudishwa nyuma upesi kuliko saa ya ukutani. Ikiwa mwenyewe angali na hati ya Japani ya kusafirisha gari, mara nyingi humo zimeandikwa kilomita zilizoonekana wakati wa ukaguzi. Zikiwa nyingi kuliko zile za dashibodi, hapana shauri tena. Isipokuwapo hati, tazameni raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani, na ukingo wa kiti cha dereva. Kilomita 60,000 hazitoboi raba ya pedali.

Siku ya pili tulifika Mwanza, mjomba, mwanawe, sisi, na fundi mmoja tuliyemchagua wenyewe na kumlipa shilingi 50,000. Neno hili ni kubwa. Fundi aletwaye na muuzaji ni wa muuzaji, hata akiwa mtu wa dini. Tukalikuta gari limeoshwa, lang'aa kama sahani, na mwenyewe, kwa adabu kubwa, akatupa soda. Fundi wetu hakunywa soda. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti, akatutazama. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, na boneti ilikuwa na moto.

Maana yake ni hii. Injini yenye ugonjwa huuonyesha inapoamshwa ikiwa baridi. Ikikwisha kupata moto, vyuma hutanuka, oili hufika kila mahali, na kelele nyingi hunyamaza. Muuzaji mwenye jambo la kuficha huamka kabla yenu akaliwasha gari. Dawa yake ni kusema kwa upole, "Bwana, tutarudi kesho alfajiri, tafadhali usiliwashe," na kesho kweli kurudi mapema kuliko mlivyosema.

Tulirudi. Safari hii lilikuwa baridi. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili: oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Akafungua kifuniko cha oili akatazama ndani yake, maana pakiwa na utando mweupe kama maziwa ni dalili kwamba huenda maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kukutana. Utando haukuwapo. Akafungua rejeta, nayo hufunguliwa wakati wa baridi tu, asije mtu akaungua uso. Maji yalikuwa safi, yenye rangi yake. Ndipo akamwambia kijana aliwashe, na sisi sote tukasimama nyuma kutazama moshi.

Moshi una lugha yake, nayo ni rahisi kujifunza. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi, ukatoweka baada ya dakika chache, si kitu. Ni unyevu tu. Mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamu, maana yake maji ya rejeta yanaingia na kuungua ndani ya silinda. Mweusi ni petroli kuzidi. Wa buluu ni oili inayoungua. Gari la rangi ya fedha lilitoa moshi wa buluu, si mwingi, kama pumzi ya mvutaji tumbaku, ukakoma. Fundi akaliacha lingurume mahali pale dakika 10, kisha akakanyaga mafuta ghafula. Likatoa wingu la buluu lililofika mpaka ukutani. Mwenyewe akasema, "Ni kwa sababu halikutembea siku nyingi." Mjomba akatikisa kichwa kukubali, maana moyo wake ulikuwa umekwisha kupanda garini na kurudi Bugwema.

Hapa yapasa tueleze kidogo. Injini ya Mark X ya lita 2.5, iitwayo 4GR-FSE, hunyunyiza petroli ndani ya silinda yenyewe, si katika njia ya hewa kama injini za zamani. Faida yake ni nguvu na mafuta kutumika kwa uangalifu. Hasara yake ni kwamba petroli haizioshi tena vali za kuingizia hewa, masizi yakagandamana juu yake, na injini ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Tena mafundi wengi huijua kwa tabia ya kunywa oili pete za pistoni zinapochoka, na mwenye gari asiyetazama kijiti kila juma huja kushtuka injini imekwisha kufa. Ilitengenezwa pia kwa petroli ya daraja la juu. Kwa upande mwingine ina cheni ya kuendeshea vali, isiyohitaji kubadilishwa kwa tarehe. Ila Mark II ya kabla yake, yenye injini ya 1G au 1JZ, ina mkanda wa raba, na huo sharti ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Mkinunua Mark II ulizeni mkanda ulibadilishwa lini, na jibu lisipokuwa na karatasi, hesabuni kwamba haukubadilishwa kamwe.

Mambo ya mwili wa gari twayapitia upesi, maana macho ya mkulima yaliyozoea kupima ng'ombe mnadani hayahitaji mafunzo mengi. Simameni mbali kidogo, mtazame mistari ya milango na boneti: nafasi ziwe sawa kushoto na kuume. Chukueni sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa mkaipitishe kwenye bodi. Pale isiposhika, chini ya rangi pana puti, na puti ni kovu. Inueni zulia la buti mtazame chuma kinapokaa tairi la akiba, maana huko aliyeunganisha vipande vya magari mawili husahau kusugua alama za kuchomelea. Vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukiwa na mstari wa tope, gari limewahi kuzama majini. Chini ya gari tafuteni kutu, kwa kuwa mikoa ya Japani yenye theluji hunyunyiza chumvi barabarani, na chumvi hula chuma kimyakimya. Juu ya tairi pana tarakimu nne za kiwanda: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini lina miaka 10 ni kuni.

Na taa za dashibodi! Funguo ikigeuzwa kabla ya injini kuwaka, taa zote za onyo zapaswa kuwaka, ya injini, ya breki, ya mifuko ya hewa, kisha zizimike injini inapowaka. Wengi hutazama kama taa imezimika. Watazame kwanza kama iliwaka. Katika lile gari la rangi ya fedha taa ya mifuko ya hewa haikuwaka kabisa; mtu alikuwa ameing'oa, na sababu ya kuing'oa ni kwamba mifuko yenyewe ilikwisha kupasuka siku ya ajali na haikurudishwa. Mwenyewe hakuwa na jibu la hilo. Mwana wa mjomba, kijana mpole, alisema, "Baba, ndani ya gari hili tungempanda nani? Mama?" Hapo ndipo mjomba aliporudisha bahasha ndani ya koti.

Tulirudi kwa basi njia ya Bunda, mjomba hasemi neno. Baada ya majuma matano akapata habari za Mark X nyingine pale Bunda, ya mtumishi aliyekuwa akihamishwa, nyeusi, imefifia rangi, na bampa lina mkwaruzo. Haikuvutia mtu. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi 11,500,000. Tulikwenda na fundi yule yule, alfajiri. Kijiti cha oili kilikuwa kwenye alama ya juu, moshi wa buluu hapana, taa zote ziliwaka na kuzimika, na ndani ya kisanduku cha dashibodi mlikuwa na daftari la shule ambamo mwenyewe ameandika kila mara alipobadili oili, tarehe na kilomita. Sisi walimu tuna udhaifu mbele ya daftari, twakiri. Lakini fundi naye alilisoma ukurasa kwa ukurasa.

Kisha tukaliendesha. Kujaribu gari kwa kuzunguka uwanja mmoja ni kujidanganya. Tulikwenda nalo barabara kuu kuelekea Makutano, tukarudi kwa njia ya vumbi yenye mabonde. Kwenye lami tulisikiliza giaboksi. Katika gari hili ni ya kujiendesha, ina gia 6, nayo haina kijiti cha kupimia oili yake, kwa hiyo kipimo cha mnunuzi ni mwendo: ibadilishe gia pasipo kushtua, isichelewe ukitia D au R, na injini isipige kelele huku gari haliendi. Tulipiga breki kwa nguvu mahali pasipo watu, tukatazama kama linavuta upande mmoja. Kwenye vumbi tulizima redio tukafungua vioo. Likagonga mbele, kuume, kama mtu anayebisha hodi. Fundi akalala chini yake, akasema bushi mbili na boljointi moja zimekwisha, na shokapu za nyuma zinavuja. Tena matairi mawili ni ya zamani. Tukaandika yote katika karatasi, tukauliza bei za vipuri Musoma, pamoja na plagi 6, oili na ujira. Jumla ikawa shilingi 1,450,000.

Karatasi ile tulimpa mwenye gari kwa heshima, hatukulitukana gari lake. Kulitukana gari la mtu ili bei ishuke ni ushamba, na humfanya mwenyewe akaze. Akaisoma, akaenda kumwuliza mkewe, akarudi na shilingi 10,200,000. Mkataba ukaandikwa mbele ya wakili, pamoja na tarehe na saa ya makabidhiano, maana kosa la barabarani likitendeka siku ile lijulikane ni la nani. Fedha hazikutolewa katika bahasha, zilipitia benki. Na siku iliyofuata muuzaji na mjomba walikwenda pamoja ofisi ya Mamlaka ya Mapato mjini Musoma kubadili jina la kadi, muuzaji akiwa angali karibu. Gari ambalo kadi yake haijabadilishwa ni gari la kuazima.

Jambo moja tu lilibaki, nalo tulimwambia mjomba tangu mwanzo, hakupenda kulisikia. Mark X ni gari la lami. Tumbo lake liko chini, na udongo mweusi wa bonde la Bugwema, masika yakishika, hulinasa hata trekta. Alilifikisha nyumbani mara moja wakati wa kiangazi, wazee wakaja kuliona, shangazi akapiga vigelegele, likarudi mjini likiwa na bamba la chini limepinda. Sasa miezi ya mvua hulala Musoma kwa mwanawe. Mjomba hutoka kijijini kwa pikipiki mpaka barabarani, viatu vyake vimefungwa katika mfuko wa nailoni, na hapo kijana humngoja. Kila Jumamosi kabla ya kuliwasha huchomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakitumbukiza tena, akakiinua kwenye mwanga. Kisha huandika katika lile daftari, chini ya mwandiko wa mtu wa Bunda.